Kitambaa Juu ya Mashine ya Moto

Salumu alilala kifudifudi chini ya meza ya kompyuta, kisogo kimepasuka. Kando yake, pasi ya mkaa yenye damu. Studio yake ya video, chumba cha uani huko Temeke, ilinuka plastiki inayoungua. Inspekta Kasimiri hakuipenda harufu ile hata kidogo.

Mlinzi Mwinjuma alikuwa ameshatiwa pingu. Jana aligombana na marehemu, mtaa mzima ukasikia. Kesi ya mauaji ni kitanzi, jamani!

"Afande, wallahi mie sikuingia humo!"

Mjane, Farida, alijikaza. "Hata mie sijaingia tangu juzi. Asubuhi nimechungulia mlangoni tu, nikapiga yowe."

"Kompyuta ilikuwaje?"

"Imezimwa. Huoni kioo cheusi?"

Kando ya kioo, kasha la mashine lilikuwa limefunikwa gubigubi kwa kitambaa cheupe cha kufuma chenye ua la bluu. Kasimiri aliweka kiganja juu yake, akakirudisha upesi. Moto!

Akamwita Rosalia, fundi wa studio.

"Nani kaifunika?" Rosalia alimaka, akakivuta kitambaa. "Ikifunikwa huku inafanya kazi, inaungua! Salumu alikuwaga mkali kwa hilo. Jana jioni kakitupa sebuleni mbele yangu."

Akawasha kioo, akaandika amri fupi. Mistari ikajipanga juu ya weusi.

"Kadi ya picha, hii inayochora video, ina joto nyuzi tisini na mbili. Kuna video bado inatengenezwa. Aliyezima, kazima kioo tu."

Kupitia mlango wa uani, Kasimiri alitazama sebuleni. Redio, televisheni, hata chupa ya chai, kila kitu kilivishwa kitambaa chenye ua lilelile la bluu.

"Mama, kitambaa hakina miguu. Nani alikirudisha humu?"

Farida alijifunika uso kwa mtandio.

"Rosalia, fungua hiyo kazi," Kasimiri aliamuru.

Maandishi ya dhahabu yakajitokeza: Harusi ya Salumu na Lulu.

"Lulu shoga yangu!" Farida aliangua kilio. "Salumu kanipa kanzu niipige pasi, eti ya safari ya Kimbiji. Nimekuja kumuuliza kitu, pasi mkononi, nakuta majina yanajichora naye anachekelea. Kumbe nampigia pasi kanzu ya harusi yake! Nikampiga. Nikazima kioo nisiyaone. Kufunika... mkono umezoea, baba. Kila usiku nafunika."

Kasimiri alimfungua Mwinjuma pingu. Uani, kanzu ilining'inia kambani, imenyooka mkono mmoja tu.

"Izimeni hiyo," Farida aliomba. "Bado inawaoza wale wawili."