Hema Moja, Watu Wawili Walioachana

"Hema ni langu."

"Nguzo za hema ni zangu."

"Basi kalale na nguzo zako!"

Tulikuwa tumepiga magoti sebuleni kwangu, mimi na mwanamume niliyeachana naye Jumapili, tukigawana vitu vya safari. Mabegi mawili ya mgongoni yalikuwa wazi, nguo zimetapakaa sakafuni, na jiko dogo la gesi lilikaa katikati yetu kama mtoto wa wazazi wanaogombana.

Safari yenyewe ilikuwa kesho kutwa. Wiki tatu kwa miguu, kupanda milima na kushukia upande wa pili, kwenye ziwa. Tuliifanyia mazoezi mwaka mzima. Mimi nilikuwa nimeomba likizo kiwanda cha mikate, yeye amefunga kibanda chake cha kutengeneza simu. Hakuna aliyekuwa tayari kumwachia mwenzake.

Mtaa mzima ulimwita Fundi. Na mimi nilimwita hivyo hivyo, hata kwenye mapenzi.

Ugomvi ulianzia kwa baba yangu. Tulikuwa tunakunywa chai, mzee akamgeukia bila kuzungukazunguka.

"Kijana, harusi lini?"

Fundi akatazama kikombe chake. "Sijui, Mzee."

"Hujui tarehe, au hujui kama unataka?"

"Sijui, Mzee."

Nilisubiri acheke, aseme anatania. Hakucheka. Njiani nikamwambia yameisha. Akaitikia "sawa," taratibu, kama mteja aliyeambiwa simu yake haitengenezeki tena.

Kesho yake asubuhi ikaingia meseji:

"Nakuomba kitu kimoja tu. Safari twende. Mwaka huu, sio mwakani. Tafadhali."

Hebu niambie wewe. Mwanamume hataki kukuoa, lakini anakubembeleza ulale naye hema moja wiki tatu. Niliisoma ile meseji nikiwa nakanda unga, nikairudia, nikaweka chumvi mara mbili. Mikate ya siku hiyo ililiwa na kuku.

Na si hilo peke yake. Kwa miaka miwili Fundi alinisindikiza kazini alfajiri, kuna giza, mkono wangu mfukoni mwake. Ghafla akaacha. Hakutoa sababu. Siku nyingine nilimpungia tukiwa barabara moja, niko pembeni yake kabisa, akanipita kama mti. Nilipomuuliza, "Una mwanamke?" alicheka mpaka akafuta machozi. Sasa huyo ni mtu gani?

"Nipe sababu moja ya mimi kwenda na wewe," nilimwambia pale sakafuni.

"Unapika vizuri."

"Fundi!"

"Nataka nikuone ukiwa kule juu. Basi."

"Unione, halafu?"

Akainamia begi, akaanza kukunja shati ambalo lilikuwa limekunjwa tayari.

"Vigingi vya hema viko wapi?" akauliza.

"Stoo. Kavilete."

"Kavilete wewe, ni kwako."

"Uliviweka wewe mwenyewe!"

Akainuka kwa kusitasita. Stoo yangu ni kijichumba kisicho na dirisha. Balbu iliungua zamani, lakini mlango ukiwa wazi, mwanga wa sebuleni unatosha. Mimi huchukua ufagio mle kila siku. Nikasikia makopo yanaanguka. Kisha ndoo. Kisha kimya.

Nikamfuata. Alikuwa amesimama katikati, mikono ameinyoosha mbele, anapapasa rafu.

"Umekunywa?"

"Balbu imeungua."

"Mlango si uko wazi? Vigingi hivyo hapo mbele ya miguu yako."

Akainama, akapapasa upande ambao haukuwa na kitu.

"Fundi, nimeinua vidole vingapi?"

"Acha utoto."

"Vingapi?"

"Vitatu."

Mikono yangu yote miwili ilikuwa mgongoni.

Nilimshika bega nikamtoa nje, nikamkalisha kwenye kiti cha jikoni. Hakunitazama.

"Daktari anasema kwanza unashindwa kuona gizani," alisema. "Halafu pembeni. Halafu panafunga kidogo kidogo, nabaki naona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye mrija. Baadaye hata hapo panafunga."

"Dawa?"

"Hakuna."

"Umejua lini?"

"Kabla sijaacha kukusindikiza. Nilikuwa najikwaa, wewe ukidhani natania."

Nikampiga kwa taulo la vyombo. Nikampiga tena. "Mimi nilidhani una mwanamke!"

"Nilikusikia. Ndiyo maana nilicheka."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akalitoa taulo mkononi mwangu, akaanza kulikunja.

"Mama yangu haoni, unajua. Macho yalipoanza kufifia, baba alimshika mkono mwaka mmoja, akachoka, akaondoka. Mimi nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka mlango ulivyofungwa. Sitaki siku moja nikusikie wewe unafunga mlango. Na tukipata mtoto je, akirithi? Nikasema twende safari, nikuone vizuri kule juu, halafu nikuache uendelee na maisha yako."

Sikujua nilie au nimrushie sufuria. Nilimpenda na nilitamani kumfukuza, vyote kwa pamoja. Nikachukua simu.

"Unampigia nani?"

"Mama yako."

"Usimpigie!"

Nilikuwa nimeshapiga, na nikaweka sauti ya juu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmeshafungasha?"

"Bado. Mama, unisamehe, nauliza bila adabu. Baba yake Fundi aliondoka kwa nini?"

Mama akaguna.

"Kamuulize yule mwanamke wa kituo cha mafuta."

"Mama!" Fundi akaruka.

"Kumbe na wewe upo hapo? Haya, sikia. Baba yako alipoondoka mimi nilikuwa natunga uzi kwenye sindano bila miwani. Macho yalikuja kuharibika baadaye, wewe ukiwa darasa la pili. Nani kakwambia ni macho?"

"Shangazi alisema..."

"Shangazi yako ni dada yake! Ulitaka akwambie kaka yake ni muhuni?"

Miaka yote hiyo Fundi alimlilia mtu aliyechoka kumshika mama yake mkono, kumbe mtu huyo alikuwa ameshaondoka hata kabla mkono haujahitajika.

"Sasa kwa nini mnaniuliza leo?" mama akauliza.

Nilimtazama Fundi. Hiyo haikuwa habari yangu ya kutoa.

"Mama," alisema, sauti ikiwa nyembamba. "Macho yangu."

Tulisikia mama akivuta kiti, akakaa. Kisha akasema, "Haya. Ukirudi uje nikufundishe. Kuna mambo mengi ya kujua, na mengine yanachekesha." Akapiga chafya, au alikuwa analia. "Na wewe, mwanangu. Hulazimiki kukaa. Ukitaka kuondoka, ondoka leo, umwambie usoni. Ila ukikaa, usikae kwa kumwonea huruma. Mimi nimeonewa huruma sana, najua inavyokera."

Simu ikakatika.

"Uliamua peke yako kwamba nitachoka," nilimwambia Fundi. "Ukanihukumu kwa makosa ya baba yako, tena hata hayakuwa hayo. Hilo ndilo linaloniuma."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe. Lakini la kuolewa usiniulize sasa, maana kichwa changu kimevurugika."

"Na safari?"

"Nimeshaomba likizo, nitafanyaje?"

Tulikwenda. Tulibadilisha mpango tu: hatukuanza kutembea kabla jua halijatoka, na mimi nilitangulia mbele kwenye njia nyembamba nikisema, "Jiwe. Mzizi. Shimo." Siku za mwanzo nilikuwa namtazama kila dakika, nimkamate kabla hajaanguka. Alikasirika.

"Sijawa yai!"

"Basi anguka!"

Akaanguka. Tukacheka mpaka ndege wakaruka.

Siku moja mchana mvua ilitufungia hemani karibu na kilele. Nikafungua kopo nichemshe chai, nikakuta Fundi amemaliza sukari yote na hajasema. Nilimfokea. Akajitetea. Nikamwambia ana roho mbaya na anakoroma. Akaniambia miguu yangu inanuka. Tuliendelea hivyo mpaka mvua ilipokatika, na ndipo nilipogundua kwamba tangu asubuhi sijayawaza macho yake hata kidogo. Nilikuwa namkasirikia Fundi, mtu mzima aliyemaliza sukari. Si mgonjwa.

"Nitaolewa na wewe," nikasema.

"Nini?"

"Umesikia."

"Kwa sababu ya sukari?"

"Kwa sababu ya sukari."

Alinishika uso kwa mikono miwili, akanisogeza mbele yake, mahali anapoona vizuri. Akanitazama muda mrefu.

"Na mtoto akirithi?" akauliza.

"Sijui, Fundi. Naogopa kama wewe. Tutaogopa wote."

Tulifunga ndoa mwezi uliofuata. Niliingia na gauni jeupe na kandambili miguuni, maana malengelenge ya safari yalikataa kiatu chochote. Mama mkwe alinipapasa kuanzia kichwani mpaka chini, akafika miguuni, akasimama.

"Mwanangu, hizi ni kandambili?"

"Ndiyo, Mama."

"Vizuri," alisema, akavua viatu vyake vya harusi akavisukuma chini ya kiti. "Vyangu pia vilikuwa vinabana."