Mchezaji wa Pili

"Chagua, mpenzi. Kadi ya ndege au kadi ya sifuri?"

Brent Halvorsen alikuwa amejimwaga jikoni kwa Corinne kama mwenye nyumba, kompyuta mezani, miguu yenye soksi juu ya kiti cha pili. Corinne alikuwa kwenye sinki akisugua sufuria ya supu ambayo Brent aliimaliza peke yake.

"Nieleze tena, Brent. Taratibu."

Akaeleza kwa raha ya mtu anayependa sauti yake mwenyewe. Kadi ya ndege inakupa pointi kila unaponunua kitu, na pointi zikijaa unasafiri bure. Kadi ya sifuri inapokea deni la kadi ya zamani, na benki haikutozi riba kwa miezi kumi na nane. Yeye alikuwa na deni la dola elfu tisa, riba ilikuwa mbioni kuanza, na benki zilikuwa zimeshamchoka. Basi Corinne afungue kadi ya sifuri kwa jina lake, deni lihamie huko, naye Brent atalipa kidogo kidogo. Kadi ya ndege ingefuata, kwa ajili ya fungate.

"Na nyumba?" Corinne akauliza.

Hapo ndipo roho yake ilipokuwa. Alipanga ghorofa ya juu ya nyumba ya Bi Schroeder, huku West Allis, na bibi huyo alikuwa amekubali kumuuzia nyumba nzima masika yakifika. Benki ya nyumba ilikuwa tayari kumkopesha, kwa sharti moja: asifungue kadi wala mkopo mwingine wowote kabla ya hapo. Corinne alikuwa akisafisha meno ya watu kliniki, na kwa miaka mingi alilipa kila bili kabla ya siku yake ili jina lake libaki safi. Kadi moja tu ya deni ingetosha kumharibia.

"Nyumba haina miguu, haitakimbia," Brent akasema. "Sisi ni timu. Wewe ndiye mchezaji wangu wa pili."

Neno hilo halikuwa la kubuni. Wapo watu mitandaoni ambao maisha yao yote ni kuwinda kadi na pointi, nao humwita mume au mke wao hivyo, mchezaji wa pili, kwa sababu mtu wa pili ni jina la pili la kufungulia kadi. Wanawake wengine huchumbiwa kwa kuambiwa wao ni malkia. Corinne aliulizwa kwenye maegesho ya duka la matairi, mahali Brent alipokuwa meneja, "Utakuwa mchezaji wangu wa pili?" Akacheka, akalia, akasema ndiyo. Ukipenda, chongo huita kengeza.

Na chongo lenyewe lilikuwa la kuonekana toka mbali. Kila Ijumaa ukoo wa Corinne ulipokutana kula samaki wa kukaanga, Brent alikuwa wa kwanza kudaka bili. Si kwa ukarimu, msidanganyike. Aliwaambia wote wampe yeye keshi, akalipa meza nzima kwa kadi yake, akavuna pointi za samaki walioliwa na wengine, na chenji ya Mjomba Casimir haikuwahi kurudi. Dada yake Corinne alishasema kuwa yule si mchumba, ni kupe aliyevaa koti. Corinne alimnunia wiki mbili.

Corinne akakausha mikono.

"Sawa. Nitaichukua ya sifuri," akasema. "Lakini sibonyezi kitu kwenye kompyuta. Nataka kuongea na mtu wa benki."

Brent akasema simu ni mambo ya wazee. Corinne akapiga, akaiweka simu mezani kwenye spika. Akapokea mama mmoja mwenye sauti nzito ya upole, akajitambulisha kuwa Yolanda. Akamuuliza Corinne hiki na kile, kazi, anwani, kipato. Kisha akasema kabla ya kuyatuma maombi angependa kuandika deni linalohamishwa. Brent akasoma namba ya kadi ya zamani harakaharaka.

"Ahsante. Na jina la mwenye kadi hiyo?"

"Andika tu Halvorsen," Brent akasema.

"Ndivyo lilivyoandikwa kwenye kadi, bwana?"

"Kuna shida gani? Hela si zitafika?"

"Jina lisipolingana, malipo yatarudi. Nisomee kama lilivyo kwenye kadi."

Brent akanyoosha mkono aichukue simu. Corinne akaiwahi, akaishikilia kifuani.

"Msomee, Brent."

Brent alitazama dari, akatazama soksi zake. Jibu likamtoka kwa sauti ya mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Kendra Sobczak."

Corinne akaegemea friji.

"Kendra ni nani?"

"Mtu wa zamani. Yameisha."

"Yameisha vipi na deni lako liko kwenye kadi yake?"

"Nilihamishia kwake. Muda wake wa sifuri unaisha mwezi ujao, ndiyo maana nina haraka. Namwokoa, Corinne. Ukilichukua wewe, yeye anakuwa huru."

"Na kabla ya Kendra lilikuwa kwa nani?"

Brent akakuna shingo. Alikuwa na ubaya wa aina yake: hakujua hata kudanganya vizuri.

"Melissa. Lakini huyo alikuwa na kadi mbovu, miezi kumi na miwili tu."

Corinne akapiga hesabu ya mapenzi yale, akaelewa yote. Lile deni, kama Brent alivyowahi kumsimulia, lilikuwa la pikipiki ya theluji ambayo Brent aliigongesha kwenye mti majira yale yale aliyoinunua, na tangu hapo lilikuwa likihama kutoka kwa mwanamke hadi mwanamke. Sifuri ya mmoja ikikaribia kwisha, Brent alipenda upya.

"Dada," sauti ya Yolanda ikasema kwa unyenyekevu, "bado nipo hewani. Maombi yako sijayatuma."

"Yafute."

"Nimeyafuta. Jina lako halijaguswa. Kuna lingine naweza kukusaidia?"

"Hapana, mama. Lililobaki nitalimaliza mwenyewe."

Akakata simu. Brent alikuwa ameshasimama, uso ameuvisha huruma.

"Nakupenda, Corinne. Hilo ni kweli."

"Mpaka lini? Miezi kumi na nane?"

"Usiwe hivyo. Unatupa mapenzi kwa sababu ya karatasi za benki?"

"Mapenzi yapi? Mimi nilikuwa namtafuta mume, wewe ulikuwa unatafuta pa kuweka mzigo. Hata punda huulizwa kama ameshiba kabla ya kupakiwa." Akanyoosha kidole chenye pete. "Na hii ulinunua wapi?"

"Sikununua. Nilibadilisha na pointi."

"Pointi za nani?"

Brent akafunga kompyuta.

"Za nani, Brent?"

"Za kadi ya Kendra. Zingekufa bure zile."

Corinne akaivua. Brent, bila haya hata chembe, akatandaza kiganja apokee. Corinne akaitia pete mfukoni mwake.

"Hii si yako. Nipe namba ya mwenyewe, kisha vaa viatu uondoke."

Akampa namba. Akavaa viatu, akachukua kompyuta yake, na mlangoni akauliza kama supu ilibaki. Corinne akamfungia mlango, akakaa sakafuni, akalia kwa uchungu na kwa aibu, zaidi kwa aibu. Alipotulia akanawa uso, akampigia Kendra.

Waliongea mpaka chai ikapoa. Kendra alikuwa mwalimu wa chekechea huko Racine. Brent alikuwa akimwambia kila wiki kwamba deni litaondoka karibuni, kuna mtu anashughulikia. Kendra alisema anakwenda mahakama ya madai madogo. Corinne akamwambia atakuja kuwa shahidi, na pete ataileta mwenyewe.

Wakiwa bado hewani, simu ya Corinne ikatetemeka. Ni Brent. Akamsomea Kendra ujumbe kwa sauti:

"Najua umekasirika. Lakini ile kadi ya ndege bado ni nzuri sana kwako. Ukiamua kuichukua, tafadhali pitia kiungo changu cha mwaliko, nitapata pointi elfu ishirini. Nakupenda daima."

Upande wa pili Kendra akapumua kwa nguvu.

"Siku tuliyoachana, na mimi alinitumia huohuo," akasema. "Ila mimi alinihesabia elfu kumi na tano."