Kipande cha Mbwa

Mkate ulikuwa umeliwa, na vumbi pale chini halikuwa na unyayo hata mmoja.

Gaxpar aliinama akaangalia tena. Jana mchana alikitupa kipande kile pale pale, kando ya kigingi cha hema. Angekuwa mbweha, angeacha alama, maana vumbi la nyika ile ya juu ni laini kama unga na hata mende akipita unajua alikoelekea.

"Ni upepo," alijisemea. Upepo gani unakula mkate, hakutaka kujiuliza.

Sisi Wabaski, watu wa milima iliyo kati ya Hispania na Ufaransa, tunaochunga kondoo huku Marekani ukingoni mwa korongo la mto Owyhee, tuna utaratibu wetu. Mkate unaokwa ndani ya sufuria zito la chuma lililofukiwa kwenye makaa. Ukishafukuliwa, unachora msalaba juu yake kwa ncha ya kisu, halafu unakata, na kipande cha kwanza ni cha mbwa. Mchungaji anangoja, mgeni anangoja, hata padri akitembelea kambi anangoja. Usiulize kwa nini. Nilimuuliza baba yangu nikaambiwa nifunge mdomo nile.

Sasa shida ni kwamba Gaxpar hakuwa na mbwa. Lagun, mbwa wake wa miaka sita, alikuwa amekufa siku nne nyuma, na aliyemuua ni Gaxpar mwenyewe. Kondoo watatu waliteremka kwenye ukingo ambao Gaxpar alijua fika kuwa umeoza. Lakini alikuwa amekaa, amevua viatu, amechoka. Akapiga mluzi, miwili mifupi na mmoja mrefu. Lagun alimtazama bosi wake, akautazama ukingo, akamtazama tena, kisha akaenda. Mawe yakaachia. Kutoka chini kule mtoni mbwa alilia karibu saa nzima, na Gaxpar hakushuka. Mwenyewe alisema hakukuwa na njia. Mimi napajua pale, na nasema angeweza kujaribu.

Kwa hiyo siku aliyofukua mkate, mkono wake ulikata na kutupa kipande bila yeye kuuagiza. Aliona aibu kukiokota, akakiacha. Kesho yake hakipo. Akatupa kingine. Nacho kikaenda.

Wiki ikapita, na kondoo elfu na ushei wakaanza kwenda kunywa maji na kurudi wenyewe, wamejipanga vizuri kama wanafunzi wa masista. Gaxpar alicheka peke yake. Halafu akaanza kusikia harufu. Mvua haikuwa imenyesha tangu Aprili, lakini kando ya kigingi palinuka mbwa aliyelowa, na chini ya harufu hiyo palikuwa na nyingine, ya tope la mtoni na kitu kilichokaa majini muda mrefu.

Siku moja alikasirika. "Mbwa wangu amekufa!" alipiga kelele. "Nenda zako!" Akala mkate wote, kipande cha kwanza kikiwemo.

Jioni hiyo alimkuta kondoo kiongozi amelala, kengele ingali shingoni. Alipomwinua akainuka mwepesi kama koti, maana ngozi ilikuwa nzima na sufu nzima, lakini ndani hamna kitu, si nyama wala mfupa. Na alipokuwa amesimama pale amelishika lile koti la kondoo, akasikia kutoka chini ya korongo mluzi, miwili mifupi na mmoja mrefu, mluzi wake mwenyewe, ukimwita, na miguu yake ikaitika, ikamchukua hatua moja, hatua tano, hatua kumi kuelekea ule ukingo uliooza, mpaka alipojitupa chini na kukumbatia kichaka kwa mikono yote miwili kama mtoto anayekataa kwenda shule.

Hakuacha tena kukilisha kile kitu kisichoonekana. Alihamisha kambi mwendo wa siku mbili, lakini harufu ilifika kabla hajamaliza kusimamisha hema.

Mzee Manez, anayechunga ng'ambo ya mto, alipita akitafuta kondoo wake waliopotea. Alipofika usawa wa hema pua ikamcheza. Hakushuka kwenye farasi.

"Unalisha nini hapo, we Gaxpar?"

"Silishi kitu."

"Usinidanganye, mimi si tajiri yako." Akashusha sauti. "Umekipa kipande cha mbwa. Sasa kimekuwa chako. Kitakufuata mpaka ng'ambo ya bahari, mpaka jikoni kwa mama yako."

"Nifanyeje, mzee?"

"Kinamfuata aliyekipa mara ya mwisho. Mwingine akikipa kwa mkono wake, kinakuwa cha huyo. Ila huyo mwingine ni nani, usiniangalie mimi." Akageuza farasi, akaondoka mbio.

Wazee wa kwetu wana majina yao kwa vitu vya mtoni. Mimi nitasema jini, tuelewane.

Hesabu yake Gaxpar ilikuwa mbaya. Miaka saba hakuwa ameiona nyumba yao. Mama yao alikuwa anapofuka, na aliandikisha barua kwamba anataka kuushika uso wa mwanawe mkubwa kabla hajaondoka duniani. Meli ilikuwa mwezi ujao. Na wa kuja kumpokea kambi alikuwa Peio, mdogo wake, tumbo moja.

Peio alifika adhuhuri akiimba, farasi wake amebeba unga na maharage.

"Kaka! Mungu wangu, unanuka! Hata kondoo wamekukimbia?"

"Na wewe umenenepa. Mama mwenye hoteli anakupa chakula cha maaskofu?"

Wakakumbatiana. Peio akaangaza macho. "Lagun yuko wapi?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. "Yuko bondeni," Gaxpar akajibu. "Atakuja." Akafukua sufuria, akampa mdogo wake kisu kwa upande wa mpini. "Kata wewe. Kuanzia leo kambi ni yako."

Peio alichora msalaba, akakata, akatupa kipande kando ya kigingi. "Lagun! Njoo, mtoto mzuri!" Kitu kikahema karibu yao, kizito. Peio akageuka akitabasamu, akitafuta mbwa. Gaxpar tayari alikuwa juu ya farasi.

"Hata hujala, kaka!"

"Sina njaa."

Mjini, kwenye hoteli ya Wabaski, alikaa akingoja treni. Siku ya tatu mezani mtu mmoja akamuuliza, "Mdogo wako umemwachia mbwa gani?" Gaxpar akaweka kijiko chini. Hakuwa amemwambia Peio neno lolote kuhusu lile jini. Peio angemtafuta Lagun, asimwone, akate tamaa, aache kutupa kipande. Gaxpar alimwona kondoo yule akilini, lakini kwa uso wa Peio. Treni ilipopiga honi, yeye alikuwa njiani kurudi nyikani, akimchapa farasi na kulia kwa sauti.

Alimkuta Peio hai. Amekonda, macho mekundu, amekaa mbele ya sufuria lililotoka kufukuliwa. Alimwacha kaka yake ashuke.

"Manez alipita," Peio alisema. "Kanieleza yote."

"Peio, mdogo wangu, nisikilize..."

"Ulinipa kisu kwa mkono wako. Ukaniangalia nikikata."

"Nimerudi."

"Naona."

Alichora msalaba polepole. Alikata. Kando ya kigingi pumzi zilikuwa zikingoja. Peio akakitupa kipande cha kwanza miguuni mwa kaka yake, vumbini.

"Mbwa ale kwanza," alisema.

Akapanda farasi aliyekuja naye Gaxpar, akashika njia ya mjini.

Gaxpar hakusogea. Akasikia pumzi zikiondoka kwenye kigingi, zikimpita karibu sana hata suruali yake ikalowa, harufu ya mto ikifuata njia aliyoshika Peio, na kondoo elfu na ushei wakageuza vichwa wote kwa pamoja kutazama kitu chenye njaa kikimfuata aliyekilisha jana. Angeweza kukaa kimya. Angekuwa huru, na treni nyingine ilikuwepo.

Alipiga mluzi, miwili mifupi na mmoja mrefu. Harufu ikasimama. Akaokota mkate, akaukung'uta vumbi, akaunyoosha kwenye kiganja. Ulimi mpana, wa baridi, ukaupokea na kukilamba kiganja mpaka vidoleni.

Peio hakugeuka nyuma hata mara moja. Ile meli aliipanda yeye. Nyumbani alimwambia mama yao kwamba Gaxpar amewapenda kondoo kuliko yeye, na kikongwe yule aliamini hivyo mpaka alipofumba macho.

Mimi ndiye niliyempelekea Gaxpar barua ya msiba, pamoja na unga na maharage. Ndipo aliponisimulia haya. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaitia mfukoni. Nikamwambia pole. Nikamwambia nitakaa naye tule, mtu asile peke yake siku kama hiyo.

"Panda farasi wako uende," alisema, akakichukua kisu. "Nataka kukata mkate."