Tabo Ndogo ya Kalekye

Siku ya soko Emali, duka la spea lilijaa madereva mpaka mlangoni, kila mmoja akitaka kuhudumiwa kwanza. Katikati yao akaingia msichana mwenye ovaroli ya kijani iliyokunjwa miguuni na kitambaa cha manjano kichwani. Alikuwa amekumbatia tabo kuukuu, ile ya kupulizia injini hewa, imejaa mafuta, kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

Nyuma ya kaunta alisimama Wanyoike, kijana wa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri. Kwa nini mtu auze spea akiwa na shati jeupe, hakuna aliyejua. Wazazi wake walihamia Emali kutoka Murang'a akiwa mdogo, na mama yake aliuza ndengu hapo sokoni. Alipomwona msichana yule, hesabu ya bolti alizoshika ilimpotea.

"Nikusaidie, mrembo?"

"Naitwa Kalekye. Nataka tabo ya lori, kama hii."

Wanyoike akaweka mbili kwenye kaunta, moja ndogo na moja kubwa. Zote zilikuwa zinafungika kwenye injini ya lori lile. Madereva wakaanza kumshauri kwa pamoja. Achukue kubwa, walisema, filimbi yake itasikika mpaka Sultan Hamud. Mmoja mnene akauliza mwenye gari yuko wapi, ili aongee na mtu anayeelewa.

"Mwenye gari ni mimi," Kalekye alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, wakalazimika kunyamaza ili wasikie. Aliingiza vidole kwenye mdomo wa tabo kuukuu, akapima, kisha akapima ile ndogo. "Hiyo kubwa inangoja injini ikimbie ndio ianze kupuliza. Mimi nabeba mawe, napanda kilima na gia ya kwanza. Itapuliza saa ngapi?"

"Lakini madam, kubwa ni kubwa," yule mnene akasema.

"Hata wewe ni mkubwa, na hujanunua kitu."

Duka lote likacheka. Kalekye akalipia ndogo, akaomba ipelekwe asubuhi kwa fundi Kyule, kwa sababu yeye alikuwa anaenda kutafuta mawe. Wanyoike akamwomba namba ya simu, ati ya kuandika kwenye risiti.

"Tangu lini risiti ikaandikwa namba ya simu?"

"Tangu leo."

Akampa. Jioni hiyo waliongea mpaka simu ya Wanyoike ikapata moto sikioni. Alimwita dere wangu, naye akamwita shati jeupe. Kalekye alimweleza kwamba lori lilikuwa la marehemu baba yake. Baba mdogo wake, Mwau, mzee wa kanisa ambaye sasa ndiye mkubwa wa boma, alikuwa amepata mtu wa kulinunua na kulikatakata kuwa chuma chakavu. Kalekye alimsihi sana. Mwishowe Mwau akakubali kwa sharti moja: lori lifikishe mawe ya msingi wa kanisa jipya Matiliku, juu ya kilima, kabla ya Jumamosi kuisha. Likishindwa, linauzwa.

"Litapanda," Kalekye alisema. "Mimi nalijua."

Asubuhi Wanyoike alizitazama zile tabo mbili, akaona aibu kumtumia Kalekye ile ndogo. Mama yake alikuwa amemlea hivyo. Ukiuza ndengu, mkebe ukijaa, mteja unayempenda unamwekea konzi nyingine juu, bila kumwambia. Hiyo ndiyo nyongeza, na mtu akiifikisha nyumbani anajua alipendwa. Basi Wanyoike akaongeza pesa zake mwenyewe, akaweka tabo kubwa ndani ya boksi, akalifunga vizuri kwa gundi. Alitabasamu siku nzima.

Fundi Kyule alipofungua boksi alidhani Kalekye amebadilisha mawazo. Akaifunga kwenye injini.

Ijumaa lori lilitoka na mawe, Mwau akiwa ameketi karibu na Kalekye na kofia yake magotini. Kwenye tambarare lilienda sawa. Lakini kilima kilipoanza, moshi mweusi ulitoka nyuma, mzito kama wa kuchoma matairi, na injini ikakosa nguvu kabisa. Kalekye alikanyaga mafuta mpaka mwisho. Lori likasimama katikati ya kilima. Aliruka chini akaweka mawe nyuma ya magurudumu.

Mwau hakumgombeza. Alisema tu kwamba atamwambia yule mnunuzi aje kesho jioni.

Kyule alipofika na pikipiki, akafungua boneti, Kalekye aliiona ile tabo kubwa. Akapiga simu hapo hapo.

"Ulinitumia nini?"

"Ile nzuri. Kalekye, nilitaka..."

"Mlinidharau pale dukani, sasa mmemaliza kunicheka. Kesho lori la baba yangu linakatwa." Akakata simu.

Wanyoike aligeukia rafu. Tabo ndogo ilikuwa imeshauzwa kwa mtu mwingine. Hakupiga tena, kwa sababu maneno hayangepandisha lori. Alichukua tabo kuukuu ambayo Kalekye aliiacha dukani, akaenda nayo Kibwezi, duka kwa duka, akiingiza vidole mdomoni mwa kila tabo aliyoonyeshwa. Wauzaji walimwambia hiyo ndogo haina nguvu, achukue kubwa. Alikataa, akaendelea kutafuta mpaka akaipata.

Jumamosi mchana alifika kilimani, shati jeupe limekuwa rangi ya mafuta. Kalekye alikuwa ameketi kwenye kivuli cha lori. Hakusimama. Akaichukua tabo, akaipima kwa vidole, akampa Kyule.

"Kwa nini?" akauliza.

Wanyoike akamweleza juu ya mkebe wa ndengu na konzi ya juu.

Kalekye alijifuta mafuta vidoleni. "Ndengu mtu anaweza kuongezewa," alisema. "Mimi nilikuambia ninachotaka, na sababu nikakuambia. Ukaniona ni kama nimesema kwa kubahatisha."

"Ni kweli. Nisamehe."

"Ingia ndani. Ukae katikati."

Kyule alipomaliza kuifunga wakapanda, Mwau, aliyekuja kushuhudia, akikaa dirishani. Kalekye aliweka gia ya kwanza, akaachilia klachi polepole. Moshi ulitoka kidogo, ukaisha. Lori likavuta. Wanyoike alishikilia dashibodi kama anayelisukuma. Kona ya mwisho, iliyo mbaya kuliko zote, Kalekye hakupunguza mafuta hata kidogo, na kitambaa chake cha manjano kilikuwa kimelowa jasho. Wakatokea juu, kwenye kiwanja cha kanisa, akina mama wakapiga vigelegele.

Mwau alishuka akavaa kofia. Akampigia yule mnunuzi, akamwambia asije, lori lina kazi.

Ndani ya kebini injini iliendelea kunguruma taratibu.

"Mbona huzimi?" Wanyoike akauliza.

"Tabo imepata moto. Ukizima saa hii inaungua. Inaachwa ipoe kwanza."

"Basi kabla hujazima nina swali. Safari hii nauliza kabla ya kufanya." Akafuta mikono kwenye shati, ikachafuka zaidi. "Nikileta mbuzi wa ntheo kwenu, wale wa posa, kuja kukuomba, utakubali?"

Kalekye alitazama mbele, mahali Mwau alikuwa akionyesha watu pa kushushia mawe. Aliona haya, lakini hakugeuza uso.

"Leta," alisema. "Lakini mbuzi wale baba mdogo atataja. Sio wale utaona wewe ni wakubwa."

Kisha akazima injini.