Siku Asifiwe Alipomtaja Baba Mkwe

"Miaka thelathini, Gwamaka! Unanisikia? Thelathini!"

Askari magereza aligeuka. Asifiwe hakujali. Upande wa pili wa wavu mumewe aliinamisha kichwa. Alikuwa na miezi saba mahabusu, maana unyang'anyi wa kutumia silaha hauna dhamana.

"Usimtaje baba, mke wangu. Kijiji kizima cha Ipyana kitatucheka."

"Wacheke! Pikipiki aliyonyang'anywa Athumani aliileta mdogo wako Eliya, na panga mkononi. Nilikuwa nyuma ya jiko, nikasikia yote!"

"Ulijificha kwa heshima. Basi iheshimu mila mpaka mwisho."

Mwanaume mzima anataka kuozea gerezani kwa ajili ya adabu! Kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe, wala hatamki jina lake. Mchana ule Asifiwe alisikia hatua za mzee, akajibanza nyuma ya jiko kama alivyofunzwa. Mzee, asijue kuna mtu, akamwambia Eliya:

"Ifiche kwenye stoo ya kakao ya kaka yako. Wewe una chuo. Yeye ana jembe tu."

Polisi walipoikuta humo, mzee huyohuyo akaenda mahakamani, akaapa kwamba aliyeileta ni Gwamaka. Baba mzazi!

Asifiwe alitoka gerezani akampigia wakili, dada mmoja wa mjini Kyela aitwaye Shamsa.

"Kuthibitisha kosa ni kazi ya Jamhuri," Shamsa alimwambia. "Lakini baba akimshuhudia mwanawe, hakimu atamwamini. Bila wewe, mumeo anafungwa."

Jioni ikaingia meseji ya Eliya: "Shemeji, ukifungua mdomo huna ndoa."

Akajibu: "Na nikiufunga nina ndoa gani, mpumbavu wewe?"

Siku ya utetezi alipanda kizimbani. Mzee alikuwa amekaa benchi la nyuma, macho chini.

"Aliyesema ifichwe stoo ni nani?" Shamsa aliuliza.

Asifiwe alimtazama mumewe. Gwamaka alikuwa akitikisa kichwa: usiseme.

"Shahidi, jibu swali," hakimu alisema.

"Anyosisye!" Asifiwe alipaza sauti. "Anyosisye, baba wa mume wangu! Nimemtaja. Mnaotaka kunitukana, nitukaneni!"

Akina mama wakashika vinywa. Shamsa akamwacha aeleze yote, hatua kwa hatua, na mwendesha mashitaka alimhoji weee, hakuyumba.

Wiki mbili baadaye hakimu alisoma hukumu: ushahidi una shaka, na shaka humfaidi mshitakiwa. Gwamaka yuko huru. Eliya alikamatwa mlangoni.

Nje, mzee alimpa mgongo mkwewe, akamkabili mwanawe.

"Mwanamke aliyenitaja hadharani hakanyagi tena kwangu. Mwache, au nawe usirudi."

"Uliapa nikafie gerezani," Gwamaka alisema.

"Mimi ni baba yako!"

"Nilikuheshimu miezi saba, nikilala sakafuni. Nikamkataza mke wangu asiniokoe, kwa ajili yako." Akamshika Asifiwe mkono mbele ya watu wote. "Nenda nyumbani, Anyosisye."

Katika maisha ya mzee hakuna mtoto wake aliyewahi kumwita kwa jina.

Asifiwe, ambaye hakulia hata siku moja ya kesi, akaanza kulia.

"Nisamehe," Gwamaka alimwambia.

"Kwanza twende kwetu Matema ukale," alisema. "Kusamehe nitaona."