Kiti cha Bunge na Penseli ya Seremala

Kila msimu wa mvua, maji ya mtaani yaliingia katika karakana ya seremala bila kubisha hodi. Mbao zilivimba. Milango iliyokuwa tayari ilipinda. Mtaro wa barabarani ulikuwa umeziba kwa miaka mingi, na mbunge wa jimbo alikuwa ameahidi kuusemea. Aliahidi mara nyingi mno, hata watu wakamwita Mheshimiwa Nitashughulikia.

"Maji yakiingia tena, tumekwisha," mke wa seremala alisema. "Mkandarasi anayenunua milango yetu amesema akiuziwa mwingine uliopinda, anahama."

"Tulia, mke wangu. Jumapili tunapiga kura. Namwondoa yule bwana."

"Ulimwondoa uchaguzi uliopita. Ukamwondoa na ule wa kabla yake. Mbona hajaondoka?"

"Wanaiba kura!" seremala alifoka, akagonga meza kwa nyundo. "Nyumba hii nzima tunamkataa siku zote!"

Ijumaa jioni aliwakusanya watu wake wote: mkewe, wana wao wawili watu wazima, na mafundi wawili wa karakana. Alisimamisha mbao tatu ukutani. Wakati huohuo aliingia dada mkubwa wa mkewe, mwalimu mstaafu, kuchukua kigoda chake. Mama huyo ndiye aliyekuwa msimamizi wa kituo cha kura cha mtaa huo.

"Karibu, shemeji. Sikiliza nawe," seremala alisema. Akachukua penseli yake nene. "Ubao huu ni Mheshimiwa Nitashughulikia. Umeliwa na mchwa." Akaupiga mkasi, yaani mistari miwili iliyokatana. Karakanani, ubao uliopigwa mkasi ni mbovu, na hakuna fundi anayeugusa. "Huu ni yule mwenye mabasi. Umepinda." Akaupiga mkasi pia. "Na huu ni mama mfamasia. Duka lake hufurika kama karakana yetu. Ubao safi." Huo hakuuandika kitu. "Mbovu tunazikata, mzima tunauacha. Hivyo ndivyo nyumba hii inavyopiga kura!"

Shemeji alijiketia kwenye kigoda.

"Shemeji, gundi haijakauka hapo!"

"Niache kwanza." Alivua miwani. "Kumbe ni nyinyi! Kila uchaguzi tunakuta karatasi zenye mikasi iliyonyooka kama imepigwa kwa rula. Mimi nikadhani ni watu wenye hasira."

"Tuna hasira kweli," seremala alisema.

"Basi sikilizeni. Kwenye karatasi ya kura, alama haimkatai mtu. Alama inamchagua. Mnaweka alama moja tu, katika kisanduku cha yule mnayemtaka. Ukiweka kwa wawili, kura imeharibika. Haihesabiwi kwa yeyote."

Mwana mkubwa alikuna kichwa. "Mama mkubwa, na ule uchaguzi wa kabla ya uliopita? Wagombea walikuwa wawili tu. Sisi tulipiga mkasi mmoja."

"Mlimpiga nani?"

"Mheshimiwa Nitashughulikia."

"Mwaka ule," shemeji alisema taratibu, "alishinda jimbo zima kwa kura nne. Na humu ndani mko wapiga kura sita."

Mke wa seremala alicheka mpaka kilemba kikamdondoka. "Tope lote lile tumejiitia wenyewe!"

"Na mimi nilivyomtukana miaka yote!" seremala alinong'ona.

"Ulikuwa unamtukana mbunge wako, uliyemchagua mwenyewe," mkewe alimwambia. " Tena ukawasingizia watu wizi!"

"Sasa shemeji, mbona hukutuambia?"

"Kura ni siri. Karatasi haina jina. Lakini pale kituoni mtu yeyote huruhusiwa kuuliza namna ya kuweka alama. Uliwahi kuuliza?"

"Fundi wa umri wangu niulize kushika penseli?"

"Jumapili utauliza," mkewe alisema.

Jioni ile walifanya mazoezi kwa chaki, alama moja, kisanduku kimoja, mpaka mafundi wakachoka.

Jumapili seremala aliingia penye faragha, akaishika kalamu. Kumwacha Mheshimiwa Nitashughulikia bila hata mkwaruzo kulimuuma. Aliisogelea tu picha yake karatasini, ili amtazame vizuri. Kufumba na kufumbua, mkono ulikwisha kumpiga mkasi.

Aliikunja karatasi, akatoka nayo mpaka kwa msimamizi. Shemeji alimtazama kana kwamba hawajawahi kuonana.

"Bwana, una shida gani?"

"Mkono umenitoroka, shem... mheshimiwa msimamizi. Nimekosea alama. Je, ndiyo basi?"

"Umefanya vema kuuliza kabla ya kuitumbukiza sandukuni." Aliibatilisha karatasi ile mbele ya mawakala wa wagombea, akampa nyingine. "Safari hii ushike mkono wako vizuri."

Alirudi. Akaushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaweka alama moja, mahali pamoja.

Mama mfamasia alishinda kwa kura chache sana. Mtaa ulishangilia. Hata hivyo, wiki zilipita na mtaro ukabaki vilevile. Seremala akaanza kunung'unika kama zamani.

Mkewe alimkatiza. "Huyu tumemchagua kwa kujua. Hatutamsema tukiwa jikoni. Vaa shati, twende ofisini kwake."

Walienda wote sita. Walirudi tena na majirani. Mbunge mpya alikwenda nao mbele ya baraza la mji, akadai kazi ile mpaka mafundi wa mtaro wakaja na sururu.

Mvua kubwa ilinyesha mchana. Seremala alisimama mlangoni na ndoo mkononi, tayari kuchota maji. Maji yalipita mtaroni kwa kelele, yakaenda zake. Baada ya mvua akaja mkandarasi, viatu vyake vikavu. Aliukagua mlango mmoja kwa jicho kali, akaupapasa juu mpaka chini, kisha akaagiza mingine minane.