Sitini Waliopakwa Asali

Zama zile reli ilikuwa bado haijafika Tabora, na mwenye safari alikwenda kwa miguu aliyozaliwa nayo. Kusini ya mto Malagarasi palikuwa na ufalme mdogo uitwao Ulindwa. Ulindwa haukuwa na dhahabu. Ulikuwa na ng'ombe, mizinga ya nyuki, na majirani wabaya. Mbaya kuliko wote alikuwa mtemi Ng'wanasala, aliyekaa ng'ambo ya kinamasi katika boma la magogo ya mninga. Mwaka huo, wakati wa kuvuna uwele, alishuka ghafula akawateka watu arobaini waliokuwa mashambani.

Miongoni mwao alikuwamo Mwashi, binti pekee wa mama mmoja aitwaye Kalunde. Na Kalunde ndiye aliyekuwa mtunza moshi wa jeshi la Ulindwa.

Cheo hicho kisidharauliwe. Kinamasi cha Malagarasi kilikuwa na mbu waliosemekana kumwinua ndama, na pori la kukifikia lilikuwa la mbung'o. Jeshi lisilo na mtunza moshi lilifika vitani limekwisha kushindwa, linajikuna. Kila kambi Kalunde alichagua mahali penye upepo, mbali na maji yaliyotuama, hata wanaume walalamike kwamba wamechoka na maji yako pale chini. Alifyekesha nyasi ili visubi wakose pa kujificha. Kisha akawasha mavi makavu ya ng'ombe pande nne, na juu yake akatupa matawi ya kivumbasha, mmea wa harufu kali unaofukuza wadudu. Watu walikohoa, walilia machozi, na walilala.

Lakini moshi humwambia adui mahali ulipo. Kwa hiyo, karibu na adui, Kalunde alitumia dawa ya kupaka: siagi, kivumbasha kilichotwangwa, na majivu ya mavi ya ng'ombe. Ilinuka kama zizi lililokasirika, na mbu waliiheshimu. Nayo ilikuwa na desturi yake. Wapiganaji walisimama duara, kibuyu kimoja kikazunguka, na kila mtu akampaka mgongo aliye mbele yake. Kujipaka mgongo mwenyewe kulikuwa haramu. Wazee walisema kwamba mtu asiyeweza kukukabidhi mgongo wake hawezi kukulindia wako.

Sasa tumtazame Misigalo, ijapokuwa mwenyewe angependa tusimtazame. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, na hii ilikuwa vita yake ya kwanza. Alikuwa amejipamba kwa vita tatu: ngozi ya chui begani, ya kuazima, manyoya ya mbuni kichwani, bangili za shaba toka kifundo cha mkono hadi kiwiko, na mikuki miwili iliyosuguliwa kwa mchanga mpaka ukaweza kujiona meno. Kasoro yake moja ilikuwa Masele, mpiganaji aliyepigana vita nne na kusimulia arobaini. Siku ya kuagana, mbele ya kijiji kizima, Masele alimtazama Misigalo akirusha mkuki, akasema kwa upole mkubwa, "Kuku wote wa Ulindwa na wakae chonjo." Kuku walikuwapo. Watu walicheka siku mbili.

Siku ya tatu ya safari jeshi lilipiga kambi ukingoni mwa kinamasi. Misigalo akaona kibuyu cha dawa kando ya mkeka wa Masele, akadhani ni akiba ya Masele peke yake, maana mtu yule alipenda kujitunza. Mchana huohuo alikuwa amepata masega ya asali katika mzinga wa mwituni. Kilichofuata alikiona kuwa ni werevu usio na mfano. Alihamishia dawa katika kibuyu chake cha maji, akakificha ndani ya mkuyu wenye uwazi. Kile cha Masele akakijaza asali na siagi, na juu akabakiza dawa kidogo ili harufu isipotee. Hesabu yake ilikuwa Masele aamke na siafu makwapani, Ulindwa ipate kisa kipya, na kile cha kuku kisahaulike.

Asichojua ni kwamba kibuyu kilikuwa cha jeshi zima. Kalunde alikuwa na chungu cha makaa mikononi, kibuyu akampa Masele ambebee.

Jua lilipokuwa linatua, kiongozi wa vita, Shigela, aliwaita watu duara. Aliwaeleza kwamba watavuka kinamasi bila moto, watalala ndani ya mafunjo hatua hamsini kutoka lango la boma, na kutakapokucha, lango likifunguliwa ng'ombe watoke, wao wataingia. Aliwakumbusha pia kwamba msafara wa wanunuzi wa watu ulikuwa unafika boma lile siku ya tatu baada ya ile. Baada ya siku hiyo wale arobaini wangefungwa kongwa shingoni na kuelekea pwani, na hakuna aliyewahi kurudi kutoka huko. "Atakayetikisa unyasi mmoja ametuua," alisema. Kisha Masele akatoa kibuyu.

Misigalo alikiona. Alijua palepale. Maneno yaliyohitajika yalikuwa manne tu: msipake, nimetia asali humo. Aliyapanga mdomoni, yakawa tayari kabisa. Kisha akasikia, kabla haijatokea, kicheko cha watu sitini, na sauti ya Masele ikisema jambo jingine kuhusu kuku. Akameza yote manne. Alijiambia kwamba labda asali haitadhuru. Kibuyu kikazunguka. Mtu mmoja alinong'ona kwamba dawa ya leo inanata, mwenzake akamjibu kwamba inanata kwa sababu ni nzuri. Kalunde alikuwa upande wa pili wa kambi, anafukia makaa.

Mara Misigalo akahisi viganja mgongoni mwake. Alikuwa Masele, anampaka taratibu, pembe kwa pembe, kama mtu anayempaka mdogo wake.

"Usiogope," Masele alimwambia sikioni. "Vita ya kwanza hata mimi nilitetemeka. Ukae karibu nami."

Misigalo alisema ahsante. Katika maisha yake yote hakupata kusema neno zito kama lile.

Alfajiri iliwakuta ndani ya mafunjo. Mbu walitangulia, kwa wingi na kwa furaha, kama watu walioalikwa. Baadaye siafu wakafuata harufu, wakapanda miguuni kwa mstari ulionyooka kuliko mstari wa jeshi. Lugata, mtu mzima mwenye wajukuu, alivumilia mpaka siafu wakamfika kiunoni, akajipiga kofi. Kofi lile lilikuwa kama mwalimu wa ngoma. Lilifuata la pili, la kumi, na muda si muda mafunjo yote yalikuwa yanalia makofi, na Masele, shujaa wa vita nne, aliruka juu akiyapukuta makwapa.

Walinzi juu ya boma kwanza waliogopa, kisha wakaona vizuri. "Watu wa Ulindwa," mmoja alipaza sauti, "kama mmekuja kucheza, mbona hamkuleta ngoma?" Mishale ikafuata kicheko. Mmoja ulimpata Lugata pajani. Lango halikufunguliwa. Jeshi likarudi nyuma likijikuna mpaka kisiwa kidogo katikati ya kinamasi.

Huko Shigela alimweka Kalunde mbele ya wote. Alimuuliza ni dawa gani ile, na watu wengine wakauliza mabaya zaidi: kwamba labda Ng'wanasala amemwahidi kumrudishia binti yake peke yake. Kalunde alimwendea Masele, akapitisha kidole mgongoni mwake, akakiweka ulimini.

"Asali," alisema. "Miaka thelathini nachanganya dawa hii, na mwanangu yumo ndani ya boma lile. Ninyi niambieni kwa nini nitie asali."

Shigela akanyoosha mkono ili Kalunde amkabidhi pembe ya swala aliyovaa shingoni, alama ya cheo cha mtunza moshi. Kalunde mwenyewe akaanza kuifungua kamba. Fundo likakataa.

"Iacheni," alisema Misigalo. Sauti ilimtoka nyembamba, ikabidi arudie. "Iacheni hiyo pembe. Ni mimi. Nilitaka kumkomesha Masele. Dawa yenyewe nimeificha katika mkuyu, pale kambini."

Alingojea kupigwa. Kalunde alimkaribia, akamtazama juu mpaka chini, manyoya na shaba na ngozi ya kuazima.

"Kibuyu kilipokuwa kinazunguka, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwamo duarani, mayu," alijibu, kama mtu amwitavyo mama yake.

"Ukakiona."

"Nilikiona."

"Ukanyamaza kwa nini?"

"Niliogopa kuchekwa."

Kalunde alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichoweza kununua. "Haya," alisema, akarudi kwenye chungu chake. Misigalo alitazama huku na huku. Hakuna aliyecheka, hata Masele. Angetoa bangili zake zote ili mmoja wao acheke.

Hakungoja kutumwa. Alivua manyoya na ngozi, akaweka mikuki chini, akaingia majini. Kinamasi alikivuka kwa saa nyingi, akatoka upande wa pili, mbali na kambi, na pori la mbung'o likampokea. Mbung'o huuma juu ya nguo, sembuse mtu aliyepakwa asali. Na nyuki wa eneo lile, waliokuwa na dai la haki, walimsindikiza pia. Alikimbia. Alipoufikia mkuyu jicho moja lilikuwa limefumba. Alikitwaa kibuyu, akakikumbatia kama mtoto mchanga, akageuka. Alifika kisiwani kesho yake jua likiwa linashuka, akamkabidhi Kalunde kwa mikono miwili. Kalunde alifungua, akanusa, akampa Shigela.

Bomani walikuwa wamelala raha, maana mtu aliyekimbizwa na mbu, walisema, harudi. Wapiganaji wakasimama duara tena. Hakuna aliyemkataza Misigalo asiingie. Ila alipokaribia, aliyekuwa mbele na aliyekuwa nyuma walisogeleana, duara likafungika bila yeye. Kibuyu kilizunguka mpaka kikaisha. Misigalo hakuomba.

Alfajiri iliyofuata alilala kifudifudi kwenye mafunjo, mgongo mtupu. Mbu wote waliowakosa wenzake walimpata yeye. Walikaa begani, masikioni, juu ya kope la jicho lililofumba. Mlinzi mmoja alitoka kwa kijilango cha pembeni, akaja kukojoa hatua mbili kutoka kichwa chake, naye alikuwa mtu asiye na haraka. Misigalo aliuma tope. Kila kofi ambalo mkono wake ulitaka kulipiga aliligeuza kuwa jina, akalitaja moyoni: Mwashi, Mwashi, Mwashi. Hakuna unyasi uliotikisika. Mlinzi alirudi ndani akipiga miayo.

Kisha lango likafunguka, ng'ombe wakatoka, na Shigela akapiga yowe. Vita yenyewe ilikuwa fupi kuliko simulizi za Masele. Ng'wanasala aliruka ua wa nyuma akiwa na kiatu kimoja, na watu arobaini wakatoka katika ghala la uwele, wakifunika macho kwa mwanga.

Wakiwa njiani kurudi, Mwashi alipunguza mwendo mpaka akawa sambamba na Misigalo. Alimtazama uso uliovimba kama boga.

"Kaka yangu," alisema, "nimewatazama wote. Hakuna aliyeteseka kwa ajili yangu kama wewe. Nikushukuruje?"

Kalunde alikuwa mbele yao hatua chache na chungu cha makaa kichwani. Alisikia. Hakugeuka, wala hakupunguza mwendo. Alimwachia Misigalo jibu lake. Na jibu jepesi lilikuwapo. Lilihitaji kunyamaza tu, na kunyamaza alikwisha kukujua.

"Usinishukuru," Misigalo alisema kwa midomo iliyonenepa. "Ni mimi niliyetia asali katika dawa. Nusura uende pwani kwa ajili ya mzaha wangu. Nilikuwa na nafasi ya kusema, nikanyamaza."

Mwashi alitembea naye mpaka walipopita kichuguu, na mti, na mti mwingine. Kisha akaharakisha, akamfikia mama yake, akampokea chungu.

Waimbaji wa Ulindwa walitunga wimbo wa vita ile. Anatajwa Shigela na yowe lake. Anatajwa Ng'wanasala na kiatu chake kimoja. Kalunde ana beti nne, na Masele, aliyekaa karibu na mtunzi, ana saba. Misigalo hatajwi. Inasemekana Misigalo alipokuwa mzee, mtunzi alimwendea, akamuuliza amtie wapi. Misigalo alimwambia atie ubeti mwingine wa Kalunde.